Zizi Bila Mlinzi: Upokonyaji wa Silaha Karamoja na Kaskazini mwa Kenya

Mwaka 1918 utawala wa Kiingereza ulituma maelfu ya askari katika nchi ya Waturkana, katika operesheni iliyojulikana kama Doria ya Labur. Mifugo ilitekwa kwa wingi na bunduki zikachukuliwa. Miaka iliyofuata Wamerille, waliokaa upande wa Uhabeshi ambako bunduki zilipatikana bila taabu, walivuka na kuwashambulia watu waliobaki na mikuki. Serikali iliyowapokonya silaha haikuwa na askari wa kutosha wa kuwalinda, wala haikujiona kuwa inadaiwa ulinzi huo. Bendera zimebadilika tangu hapo. Utaratibu haujabadilika.

Mjadala wa bunduki unaotufikia kila siku ni wa Marekani, na huja umekwisha kugawanywa pande mbili: haki ya kumiliki na haja ya kudhibiti. Katika shauri la Heller, 2008, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba Rekebisho la Pili la Katiba, la 1791, linampa mtu binafsi haki ya kuweka bunduki nyumbani ili ajilinde. Shauri ambalo halitajwi sana huku kwetu ni la Castle Rock, 2005. Mama mmoja alikuwa na amri ya mahakama ya kumzuia mumewe. Polisi hawakuitekeleza, na watoto wake watatu wakauawa. Mahakama hiyo hiyo ilisema kuwa hakuwa na haki ya kikatiba ya kudai polisi waitekeleze. Ukiyasoma mashauri hayo mawili kwa pamoja unaona mantiki, hata kama huipendi: dola isiyowajibika kumlinda mtu haina uso wa kumnyang'anya chombo cha kujilindia.

Katiba ya Kenya ya 2010 ilipita njia nyingine. Haimpi mtu haki ya bunduki. Ibara yake ya 29 inampa kila mtu haki ya kutofanyiwa ukatili wa aina yoyote, uwe umetoka kwa vyombo vya umma au kwa watu binafsi. Mwizi wa mifugo anayeshuka bondeni alfajiri ni mtu binafsi. Kwa hiyo dola inapompokonya mfugaji bunduki, inabeba pamoja na chuma hicho deni la ulinzi, na deni hilo halina maana mpaka liweze kudaiwa mahakamani na kulipwa.

Karamoja, eneo la wafugaji kaskazini-mashariki mwa Uganda, inaonyesha jambo hili vizuri kuliko mahali pengine popote katika eneo letu. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, askari waliikimbia kambi ya Moroto na ghala la silaha likabaki wazi. Bunduki za kisasa zikaingia mikononi mwa wafugaji kwa mkupuo mmoja. Desemba 2001 serikali ya Uganda ilianza kuzikusanya, kwanza kwa hiari. Waliosalimisha waliahidiwa mabati na majembe ya kukokotwa na ng'ombe, na zaidi ya hayo waliahidiwa kwamba jeshi lingekaa mipakani kuwalinda. Mwaka 2002 wanajeshi wengi waliondolewa kwenda kupambana na waasi wa Joseph Kony. Waliotii wakabaki katikati ya wasiotii. Wabokora, jamii mojawapo ya Karamoja iliyokuwa imetoa bunduki nyingi, walivamiwa na majirani zao wa pande zote, na wengi wakafukarika hadi kukimbilia mijini. Somo ambalo kila mfugaji alilipata halihitaji utafiti: mtiifu ndiye aliyeadhibiwa.

Awamu ya pili, kuanzia 2006, ilikuja kwa mtutu. Wanajeshi walizingira vijiji usiku na kupekua kulipopambazuka. Human Rights Watch ilichapisha mwaka 2007 ripoti kuhusu vipigo, mateso na mauaji yaliyoandamana na misako hiyo. Jambo hilo halitetewi. Hata hivyo, mwaminifu kwa ukweli atakiri kwamba mauaji yalipungua sana, na Karamoja ikapata karibu mwongo mmoja wa utulivu kabla ya uvamizi kuchacha tena mwaka 2019. Wengi wanautaja utulivu huo kama ushindi wa upokonyaji. Mimi nauona kama ushindi wa zizi lililolindwa. Safari hii jeshi lilibaki: ng'ombe walilazwa kando ya kambi, na askari wakafuata nyayo za mifugo iliyoibwa. Mazizi hayo yalikuwa na kero zake. Yalijaa kupita kiasi, magonjwa yakaenea, na maziwa yakawa mbali na watoto. Lakini mtu alijua wa kumuuliza mifugo yake ikipotea.

Wenyeji waliongeza jambo ambalo wanasheria wetu wangefaa kulisoma kwa makini. Azimio la Nabilatuk, lililotokana na makubaliano ya jamii kati ya 2013 na 2014, liliwataka wanaoiba mifugo wairejeshe pamoja na fidia inayozidi idadi iliyoibwa, na jamii ya mwizi ikabanwa kulipa. Wazee walielewa kwamba amani bila dhamana ni maneno matupu. Serikali ilifurahia utaratibu huo, ila haikujiweka chini yake.

Upande wa Kenya mambo yana utata zaidi, kwa sababu dola yenyewe iligawa bunduki. Polisi wa akiba, raia waliopewa silaha na kukaa miaka mingi bila mshahara, ndio waliokuwa ulinzi pekee katika vijiji vingi vya Turkana, Baringo na Marsabit. Mwaka 2019 Wizara ya Usalama wa Ndani iliagiza warudishe silaha ili wakaguliwe. Sababu haikuwa ya uongo: bunduki nyingine zilikodishwa, risasi zikauzwa. Kosa lilikuwa kuondoa kabla ya kuweka.

Tena, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inaruhusu mtu mwenye sababu nzuri apewe cheti cha kumiliki bunduki. Mfanyabiashara wa Nairobi anayebeba fedha huonekana ana sababu. Mchungaji aliye mbali kabisa na kituo cha polisi, mwenye ng'ombe mia, haonekani hivyo. Sheria yetu basi haikatai kujilinda kwa bunduki. Inakataa kwa baadhi ya watu.

Sisemi kwamba kila mchungaji apewe bunduki. Hoja ya wapinzani ina uzito: bunduki ya kulinda zizi asubuhi ndiyo ya kuvamia zizi la jirani jioni. Huko Turbi, Marsabit, Julai 2005, zaidi ya watu 50 waliuawa, wakiwemo watoto wa shule. Bonde la Suguta, Novemba 2012, zaidi ya polisi 40 waliangamia karibu na Baragoi. Na wizi wenyewe umekuwa biashara, ng'ombe wakipakiwa kwenye malori kabla nyayo hazijakauka. Hizi ni sababu za kukusanya silaha. Hazielezi nani atamlinda aliyeisalimisha.

Wala nguvu peke yake haijazaa utii. Wagalla, karibu na Wajir, Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege katika operesheni ya kupokonya silaha. Serikali ilitaja vifo 57 kwa miaka mingi, huku manusura wakitaja idadi kubwa mno kuliko hiyo. Mtu anayelikumbuka hilo hawezi kusikia tangazo la kusalimisha silaha kwa masikio ya mwananchi wa kawaida. Februari 2023 Nairobi ilitoa siku tatu za kusalimisha silaha kwa kaunti sita za kaskazini, kisha jeshi likaingia. Mei mwaka huo huo Rais Museveni aliwataka Waturkana wanaovuka kuingia Uganda wasije na bunduki. Serikali hizo mbili zilikuwa zimetia saini mkataba huko Moroto Septemba 2019, lakini hakuna ratiba moja iliyowabana wafugaji wa pande zote mbili kwa siku moja, na pengo hilo ndilo walilolitumia Wamerille karne iliyopita.

Bunge la Kenya lirekebishe Sura ya 114 ili kila agizo la kukusanya silaha liambatane na mpango wa ulinzi uliochapishwa, ukitaja kambi, idadi ya askari na muda watakaokaa. Jamii iliyosalimisha silaha ikivamiwa ndani ya muda huo, serikali iilipe fidia ya maisha na ya mifugo, bila mlalamikaji kulazimika kuthibitisha uzembe wa ofisa yeyote. Agizo lisilo na mpango huo Mahakama Kuu ilibatilishe.