Siku tuliyorudi lekcha, Juni 2020

Nilipotea kidogo, masta imenikalia kooni, mnisamehe. Wiki hii kwenye semina ya historia tumeambiwa kila mtu aandike tukio aliloliona kwa macho yake, ila kwa ushahidi, sio porojo. Wenzangu wamechukua uchaguzi na mafuriko. Mimi nimechukua Juni 1, 2020, siku vyuo vya Tanzania vilipofunguliwa tukaingia darasani ana kwa ana, na corona bado ipo.

Kwa wadogo zangu mliokuwa sekondari, niwakumbushe. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020, huko Arusha. Kesho yake shule zikafungwa, keshokutwa vyuo. Mlimani palishawahi kufungwa mwaka 1990 kwa ajili ya mgomo, ila safari hii hakukuwa na mgomo wala FFU. Tulifunga mabegi kimya kimya, kila mtu kwao.

Mimi nilikuwa mwaka wa kwanza. Kijijini kwetu, madesa yaliyotumwa kwa simu nilikuwa nayafuata juu ya kichuguu nyuma ya zizi, maana ndipo mtandao unaposhika, na hapo bando uwe nalo. Kwa hiyo Mei 21 Rais Magufuli alipotangaza kuwa vyuo vitafunguliwa Juni 1, nilishangilia. Siku mbili kabla yake, Cambridge kule Uingereza walikuwa wametangaza kwamba mihadhara yao itabaki mtandaoni mpaka kiangazi cha 2021. Chuo hicho hicho mwaka 1665 kiliwatawanya wanafunzi kwa sababu ya tauni, Newton akaenda zake kijijini kwao Woolsthorpe. Kutawanyika ni rahisi kama nyumbani kuna vitabu, au kuna intaneti. Mimi nilikuwa na kichuguu.

Basi bwana, tukarudi. Mlangoni ndoo za maji na sabuni, barakoa za kitambaa, viti vimeachanishwa. Hiyo ni wiki ya kwanza. Wiki ya tatu tulishabanana kama zamani, barakoa ziko kidevuni, na kwenye vimbweta mada ni nyungu, tangawizi na malimau. Vipindi vikasogezwa mpaka Jumamosi ili kufidia muda uliopotea.

Tulikuwa na mwalimu wetu mmoja, mzee, wote tukimwita Babu. Sauti yake ndogo, hapendi maiki, anafundisha kwa chaki tu. Kila siku ni "sogeeni mbele wanangu", nasi tunasogea.

Sasa hapa ndipo insha yangu ilipokwama. Mwezi Julai nilikohoa wiki nzima, na mwili ukiuma. Sikumwambia mtu. Kulikuwa na testi ya Babu, na ukikosa testi ya Babu umekosa. Nilikaa mstari wa mbele. Baada ya siku kama kumi hivi, tukaambiwa Babu anaumwa, akaja mwalimu mwingine.

Je, ni mimi? Mwanahistoria anatafuta takwimu. Nimezitafuta. Takwimu za taifa zilisimama Aprili 29, 2020, zikaja kuanza kutolewa tena katikati ya 2021. Yaani siku tunaingia darasani tulikuwa hatuna hata namba moja mpya ya kutuambia hali ikoje. Chanjo nayo ilizinduliwa Julai 28, 2021, Rais Samia akiwa wa kwanza kuchomwa. Zaidi ya mwaka mzima waalimu wetu walisimama mbele yetu bila chanjo, na hakuna anayehesabu.

Babu alirudi. Alikuwa amekonda, akafundisha amekaa, akamaliza silabasi yote. Leo amestaafu.

Sisemi vyuo visingefunguliwa. Nikisema hivyo nitakuwa mnafiki, maana bila Juni 1 mimi nisingemaliza. Ninachosema ni kwamba tulipokuwa tukishangilia, tulijihesabu sisi tu, vijana. Mtu wa miaka sitini na kitu anayetakiwa kusogelewa ili asikike hatukumuweka kwenye hesabu, na mimi niliyekuwa nakohoa ndiye nilitakiwa kumuweka.

Nimempigia simu kumuomba mahojiano kwa ajili ya insha. Amekubali, akauliza kama bado naandika mwandiko mbaya. Nakwenda kwake Jumamosi. Maswali ya insha nimeandika kumi na mawili. Lile la kikohozi sijaliandika, ila nitaanza nalo, kabla hata ya kufungua daftari.

Na nyie mliokuwepo, andikeni mnachokumbuka: nani alikaa wapi, ndoo ziliisha maji lini, nani hakurudi. Makaratasi hayana, tunayo sisi.