Hatari Nje ya Uzio: Historia ya Upekuzi wa Abiria, Ikitazamwa Kutoka Gitega

Mtu anayeondoka Mushasha, mtaa wa Gitega wenye kanisa kuu la Kristo Mfalme, akielekea Brussels au Toronto, huianza safari ya angani kwa kuteremka milima. Gitega ni mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu mwanzo wa mwaka 2019, lakini ndege za kimataifa hutua Bujumbura, mwendo wa kilomita kama 100 kupitia Muramvya na Bugarama. Anatoka alfajiri ili awahi ndege ya mchana, maana lori moja likiharibika kwenye kona za Bugarama, tiketi imekwenda na maji. Akifika anavua mkanda na viatu, anamwaga maji ya kunywa, na chupa ya mawese aliyofungiwa na mama yake inawekwa kando. Akiuliza kwa nini, anajibiwa kuwa ndiyo kanuni.

Kanuni hiyo ina historia. Kipande chake kimoja kimetoka London, kingine Detroit, kingine Lockerbie, miji ambayo msafiri wetu huenda hataiona maishani. Lakini eneo letu nalo lina historia yake ya ndege, na historia hiyo haifanani kabisa na kile kinachotafutwa ndani ya begi lake.

Ndege za kwanza kuruka juu ya Ziwa Tanganyika zilikuja kwa vita. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndege za majini walizoazimwa na Waingereza, wakaishambulia Kigoma kwa mabomu wakiiwinda meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, ambayo leo tunaiita Liemba. Juni ya mwaka huohuo majeshi ya Ubelgiji yaliingia Kitega, boma ambalo Wajerumani walikuwa wamelifanya makao yao makuu mwaka 1912. Kwa hiyo kwa wazee wa ziwani, ndege ilikuwa silaha kabla haijawa chombo cha abiria.

Abiria walikuja baadaye, tena wachache na wenye fedha. Shirika la Imperial Airways lilianzisha mwaka 1931 safari kutoka London hadi Mwanza. Siku hizo abiria mwenyewe alipandishwa kwenye mizani pamoja na sanduku lake, kwa sababu injini zilikuwa dhaifu na kila kilo ilihesabiwa. Aliyeona aibu kutaja uzito wake alitajiwa mbele za watu. Lakini hakuna aliyemdhania kuwa na bomu, na hali ilibaki hivyo hata lilipozaliwa shirika la East African Airways mwaka 1946.

Nchini Burundi ndege iliogopwa kwanza na watawala. Novemba 1966 mfalme kijana Ntare wa Tano alikuwa Kinshasa kwenye sherehe za Mobutu, kapteni Michel Micombero akatangaza jamhuri. Mfalme alikuwa ameondoka na taji, akawa hana pa kurudi. Mwishoni mwa Machi 1972 alirejeshwa kwa helikopta ya Idi Amin, baada ya Micombero kutoa ahadi kwamba hatadhurika. Alipelekwa Gitega akawekwa kizuizini, na tarehe 29 Aprili akauawa hukohuko, mauaji makubwa ya mwaka ule yalipokuwa yanaanza. Septemba 1987 ikawa zamu ya Jean-Baptiste Bagaza: alikuwa Quebec kwenye mkutano wa nchi zinazozungumza Kifaransa, Pierre Buyoya akachukua nchi na uwanja wa Bujumbura ukafungwa. Mei 2015 Pierre Nkurunziza alikuwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, jenerali Godefroid Niyombare akatangaza kumwondoa na kuamuru uwanja ufungwe. Jaribio hilo lilishindwa. Rais alirejea kupitia Ngozi, akaingia Bujumbura kwa msafara wa magari.

Mtu akiyaangalia matukio hayo matatu anaelewa kwa nini uwanja wa Bujumbura umezoea askari kuliko mabenchi ya abiria. Kwa serikali, uwanja ule ni komeo la nchi, na abiria ni mtu anayepita karibu na komeo. Nadhani ukali wa sauti anaokutana nao mlangoni umerithiwa humo zaidi ya kwenye kitabu chochote cha kanuni za kimataifa.

Kanuni za kimataifa zenyewe zilizaliwa na utekaji. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndege zilitekwa ovyo, hasa Marekani, kiasi kwamba Januari 1973 nchi hiyo iliamuru kila abiria na begi lake wakaguliwe. Machi 1974 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, likapitisha Kiambatisho cha 17, waraka ambao mpaka leo unazibana Burundi, Tanzania na Uholanzi kwa usawa. Haukuzuia yote. Juni 1976 ndege ya Air France ilitekwa baada ya kuondoka Athens, ikaletwa Entebbe, na Waganda wakajikuta ndani ya vita ya watu wengine. Februari 1982 ndege ya Air Tanzania iliyotoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa na vijana waliomtaka Nyerere ajiuzulu. Ikapita Nairobi, Jeddah na Athens, ikaishia Stansted, Uingereza, watekaji wakajisalimisha. Baada ya hapo hata safari ya Mwanza, ambayo watu waliipanda kama basi, ikawa na upekuzi.

Kisha yakaja mabomu yasiyo na mwenyewe ndani ya ndege. Juni 1985 ndege ya Air India ililipuka juu ya Atlantiki wakafa watu 329. Desemba 1988 ya Pan Am ikalipuka juu ya Lockerbie wakafa 270. Katika yote mawili begi lilisafiri bila mtu wake. Hapo ndipo ilipotiliwa mkazo kanuni moja yenye maana sana, ingawa inaudhi: abiria asipotokea mlangoni, mzigo wake hutafutwa ndani ya tumbo la ndege na kushushwa. Tunapokaa kwenye viti dakika 40 tukimlaani mtu aliyepotelea kwenye duka la manukato, tunachosubiri ni hicho.

Sasa tuitazame miaka ya kwetu iliyokuwa migumu kuliko yote. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyowabeba Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi, wakitoka Dar es Salaam, ilitunguliwa kwa kombora ikikaribia kutua Kigali. Siku ya mwaka mpya 1998 waasi walishambulia eneo la uwanja wa Bujumbura, na watu wengi wa kijiji jirani cha Rukaramu wakauawa. Tarehe 4 Desemba 2000 ndege kubwa ya Sabena ilipigwa risasi ikishuka Bujumbura; wawili walijeruhiwa, na shirika hilo likasitisha safari zake. Novemba 2002 makombora mawili yalirushwa Mombasa kuilenga ndege ya Israel iliyokuwa inapaa, yakaikosa. Septemba 2021 kundi la waasi la RED-Tabara lilirusha mizinga kwenye uwanja wa Bujumbura, ambao wakati huo ulikuwa umeshapewa jina la Melchior Ndadaye, rais aliyeuawa Oktoba 1993.

Katika matukio hayo yote hakuna hata moja lililotoka kwenye begi la abiria. Yote yalitoka nje ya uzio: kichakani, kilimani, kwenye shamba la mtu. Na aliyedhani kusafiri kwa ardhi ni salama zaidi akumbuke barabara za wakati huo. Askofu mkuu wa Gitega, Joachim Ruhuna, ambaye kiti chake kilikuwa hapo Mushasha, aliuawa Septemba 1996 kwa shambulio la barabarani. Desemba 2000, siku 24 tu baada ya ndege ya Sabena kupigwa, basi la Titanic Express lililotoka Kigali lilivamiwa karibu na Bujumbura wakauawa watu 21.

Sisemi upekuzi hauna kazi. Mtetezi wake ana hoja, na hoja yake nzito kuliko zote ni Mogadishu. Februari 2016 bomu lililofichwa ndani ya kompyuta ya mkononi lililipuka katika ndege ya Daallo dakika chache baada ya kupaa, likatoboa ubavu wa ndege, na aliyelibeba akatupwa nje. Rubani aliirudisha ndege chini salama. Hata hivyo kamera za uwanja zilionyesha kompyuta ile ikikabidhiwa na watu waliokuwa wanafanya kazi humo uwanjani. Kitu kilipitia kwa wenye vitambulisho. Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa na vijana watatu, ikaishiwa mafuta, ikaangukia baharini kwenye ufuo wa Ngazidja, Komoro. Walikufa 125 kati ya 175. Silaha zao walizikuta ndani: shoka la dharura na mtungi wa kuzimia moto. Hapo eksirei ingefanya nini? Kilichokosekana ni mlango imara wa chumba cha rubani, na mlango huo ulikuja kuwa lazima baada ya Septemba 11, 2001.

Baada ya tarehe hiyo kila jaribio lililoshindwa lilizaa kero. Desemba 2001 Richard Reid alijaribu kulipua kiatu, tukaanza kuvua viatu. Agosti 2006 polisi wa Uingereza walifichua njama ya kutumia vilipuzi vya maji ndani ya chupa za vinywaji, ikaja mililita 100 na mfuko wa plastiki wa lita moja. Krismasi ya 2009 kijana wa Kinigeria alipanda ndege ya Detroit na kilipuzi ndani ya nguo ya ndani, zikaja mashine zinazomulika mwili mzima. Kanuni hizi huingia kwa siku moja na kutoka kwa miaka 20: Marekani iliacha kuwavua abiria viatu Julai 2025 tu.

Zinapofika kwetu hugongana na mambo mengine. Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, ikiwaonya wageni wasishuke nayo. Lakini mfuko mdogo wa vipodozi, uleule wa mililita 100, ilibidi uruhusiwe kwa sharti kwamba mgeni abaki nao na asiutupe nchini. Serikali moja inautaka mfuko, nyingine inaukataa, na mwenye kuushika katikati ni abiria.

Hapo hatujagusa karatasi. Tangu Uingereza ilipotunga mwaka 1987 sheria ya kulitoza faini shirika linalomleta mtu asiye na hati, na Ulaya nzima ikaifuata njia hiyo, mhudumu wa kaunta amegeuzwa afisa uhamiaji. Kuna kadi ya homa ya manjano pia: tangu Julai 2016 chanjo moja inatosha maisha yote, lakini msafiri mwenye kadi ya zamani bado anaweza kukutana na mtu wa afya anayeitazama tarehe na kukunja uso. Ndiyo maana mtu wa Muyinga mwenye shughuli Tanzania huiona safari ya basi kupitia Kobero kuwa na unafuu: huko gunia hupapaswa, maswali mawili matatu, basi linaondoka.

Gharama za ukaguzi wa anga zimepangwa kinyume. Fedha na ukali vimeelekezwa kwenye chupa ya mawese, wakati rekodi ya Afrika Mashariki na Kati inaonyesha uzio mbovu, njia ya kutulia isiyolindwa na mfanyakazi mwenye kitambulisho anayeweza kununuliwa. Nairobi na Entebbe abiria wamekuwa wakishushwa kwenye gari getini na kupita kwa miguu kwenye mashine, kisha kukaguliwa tena ndani. Makombora ya Mombasa yasingezuiwa na lolote kati ya hayo. Wenye mamlaka Bujumbura, na watakaoujenga uwanja wa Gitega siku ukijengwa, waanze na uzio, doria na uchunguzi wa waajiriwa. Wakishamaliza hayo, wabandike ukutani orodha ya vilivyokatazwa kwa Kirundi na Kiswahili, si Kifaransa na Kiingereza pekee, waweke maji ya bure baada ya mashine, na mwenye chupa ya mawese apewe nafasi ya kumrudishia aliyemsindikiza. Wewe msafiri, mpaka hapo, mawese yatie kwenye sanduku kubwa, yafunge mara tatu, na ndagala ziwe mbali na nguo.