Nyumba ya Bibi Ilikuwa Inapumua

Masika ya mwaka juzi hapa Msambweni mvua ilitushinda. Tukaingiza jiko la makaa ndani ya chumba cha kupanga, tukafunga mlango na dirisha. Baada ya muda mdogo wangu akaanza kusema kichwa chamuuma, kisha akatapika. Sisi tukawaza malaria. Bibi alipofika hakuuliza kitu, alifungua mlango akamtoa nje.

Tangu siku hiyo nyumba za zamani naziangalia kwa jicho lingine. Nyumba ya Kidigo ya miti, udongo na makuti ilikuwa na mwanya kati ya ukuta na paa. Moto wa mafiga ulivuta hewa kutoka mlangoni, moshi ukapanda ukatokea juu. Sisemi ilikuwa raha, manake moshi wa kuni uliumiza macho na mapafu ya mama zetu. Lakini hewa ilikuwa na njia mbili: ya kuingia na ya kutoka.

Halafu tukajenga kisasa: mawe, mabati, dari, madirisha ya vioo. Mwanya tukauziba, jiko tukabaki nalo. Na makaa yanadanganya. Hayana moshi mwingi kama kuni, kwa hivyo unadhani uko salama, kumbe yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Inashika damu kuliko oksijeni zaidi ya mara 200. Mwanasayansi John Scott Haldane aliichunguza miaka ya 1890, akashauri wachimba makaa ya mawe washuke na ndege wadogo. Ndege akianguka, kimbia. Uingereza iliwatumia hadi 1986.

Sasa angalia Kanada, kwenye baridi kali. Nyumba nyingi zina tanuru la gesi la kupasha joto. Ya zamani yalivuta hewa ya humo humo ndani. Aina iliyoenea tangu miaka ya 1980 ina mabomba mawili ya plastiki yanayotokea ukutani: moja lavuta hewa ya nje, lingine latoa hewa chafu. Theluji ikiyaziba, ni hatari. Ukifikiria sana, ni ule mlango na ule mwanya wa bibi.

Kwa hivyo ukienda kuangalia chumba, kabla hujauliza wifi, uliza hewa yaingilia wapi na yatokea wapi. Na jiko la makaa lisilale ndani na watu, hata mvua inyeshe vipi.

Mdogo wangu yuko sawa. Tuliwahi tu.