Shauri Mbele ya Mshindani

Machi 1837 Richard Waters alishuka Unguja akitokea Salem, Massachusetts, balozi wa kwanza wa Marekani hapa. Hakuja kukaa ofisini tu. Alikuja kununua pembe za ndovu na sandarusi, na kuuza ile nguo ambayo mpaka leo twaiita merikani.

Mkataba wa 1833, alioufunga Edmund Roberts na Seyyid Said, uliweka ushuru wa asilimia 5. Pia ulisema hivi: Wamarekani wakigombana wao kwa wao, mwamuzi ni balozi peke yake. Si kadhi, wala si Seyyid.

Sasa mfikirie nahodha wa nyumba nyingine ya biashara ya Salem, amegombana na watu wa Waters juu ya shehena. Ashtaki wapi? Kwa Waters. Na forodha ilishikwa na Jairam Shivji, mshirika wa Waters huyo huyo. Wapinzani wake walilalamika, na hata mimi ningelalamika. Kutoa ushahidi kulikuwa ni kumfunulia mshindani daftari lako: bei, madeni, idadi ya pembe ulizokwisha kuahidiwa.

Waters aliondoka 1844. Kifungu kile kilibaki.