Chembe Nyekundu Zilizobebeshwa Dawa ya Leukemia

Asparajinasi ni kimeng'enya kinachovunja asparajini, asidi amino ambayo seli nyingi za mwili hujitengenezea zenyewe. Seli za leukemia kali ya limfu, saratani inayowapata watoto zaidi, hazijitoshelezi. Hutegemea asparajini iliyomo kwenye damu. Ikiisha, hufa.

Dawa hii ilianzia kwa simbilisi. Mwaka 1953 John Kidd, huko New York, aliona kuwa seramu ya mnyama huyo inaangamiza limfoma za panya, ilhali ile ya farasi na ya sungura haikufanya kitu. Mwitaliano Clementi alikuwa ameonyesha tangu 1922 kwamba damu ya simbilisi ina asparajinasi kwa wingi, lakini ilichukua hadi 1961 kabla John Broome hajaunganisha mambo hayo mawili. Mwaka 1964 Mashburn na Wriston walionyesha kuwa kimeng'enya cha bakteria E. coli kinafanya kazi hiyohiyo. Hapo ndipo dawa ya kutosha hospitali ilipowezekana, na Marekani iliiidhinisha mwaka 1978.

Taabu yake ni kwamba mwili huiona kuwa protini ya kigeni. Kingamwili huifuta mapema, na wagonjwa wengine hupata mzio mkali. Mwaka 1994 Marekani iliidhinisha aina iliyofunikwa kwa polima ili idumu zaidi.

Njia nyingine ilikuwa kuificha dawa ndani ya chembe nyekundu za damu, ambazo huzunguka mwilini kwa takriban siku 120. Mwaka 1973 Ihler, Glew na Schnure walieleza namna ya kupakia vimeng'enya humo: chembe huwekwa kwenye maji yenye chumvi kidogo, huvimba, matundu hufunguka na kimeng'enya huingia, chumvi ikirudishwa, matundu hufunga. Lengo lao lilikuwa maradhi ya kurithi. Ni Updike na wenzake, mwaka 1976, walioingiza asparajinasi. Uzuri wa mpango huu ni kwamba dawa haihitaji kutoka nje: asparajini hupenya utando wa chembe na kuvunjwa humo humo, kingamwili zisiifikie dawa.

Kampuni ya Erytech, iliyoanzishwa Lyon mwaka 2004, ilitumia chembe za wachangia damu wa kundi linalolingana na la mgonjwa. Matokeo kwa wagonjwa wa leukemia yalitia moyo, hata hivyo ombi la kibali cha Ulaya liliondolewa mwaka 2018. Jaribio kubwa la saratani ya kongosho halikufaulu mwaka 2021, na 2023 kampuni iliungana na nyingine na kuelekea kwenye virusi vinavyoua bakteria. Hilo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu wazo lenyewe lilikuwa limesimama imara kwa nusu karne.

Kwa familia yenye mgonjwa wa leukemia huko Nyakabanda, katika wilaya ya Nyarugenge jijini Kigali, historia ya karibu zaidi ni ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa Julai 2012. Asparajinasi ya kawaida imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Upande wa damu, Rwanda haiko nyuma: ina huduma ya taifa ya uchangiaji, na tangu Oktoba 2016 ndege zisizo na rubani zinazorushwa kutoka Muhanga huipeleka damu hospitalini. Kazi ya kupakia chembe, iliyofanyika Lyon na baadaye Princeton, Marekani, haikuwahi kufika huku.