Historia ya Mashine Yetu ya Barafu

Kamati ya kijitabu hiki ilituomba tuandike historia ya kikundi tangu kuanzishwa. Tulipokaa kuandika, kila tulichokumbuka kilituelekeza kwenye kile kibanda cha nyuma yenye mashine ya barafu. Basi tukaona heri tuandike ya mashine, na ya kikundi yatajitokeza humo humo.

Wote tunajua kwamba jina la Kariakoo limetokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliopigishwa kambi hapa baada ya Mjerumani kuondolewa Dar es Salaam mwaka 1916. Soko kubwa, lile la mapaa kama miavuli aliyolichora msanifu wetu Beda Amuli, lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975. Lakini barafu je? Neno lenyewe tumelipata kwa Waajemi. Zamani barafu ilikuwa bidhaa ya kusafirishwa. Mwaka 1833 Mmarekani mmoja, Frederic Tudor, alipeleka shehena ya barafu ya maziwa ya kwao mpaka Calcutta, imefukiwa kwenye maranda ya mbao, miezi minne baharini. Halafu mwaka 1851 daktari John Gorrie wa Florida akapewa hati ya kumiliki uvumbuzi wa mashine ya kugandisha maji. Nia yake haikuwa soda baridi. Alitaka kupoza vyumba vya wagonjwa wa homa, homa kama zetu hizi. Alifariki bila kupata faida yoyote. Sisi wanawake wa biashara ndogo tunamhurumia, maana tunajua maana ya kuwa na mali nzuri ukakosa mtaji.

Hapa mjini bibi zetu hawakuhitaji barafu ya mashine. Samaki wa Feri alikaangwa siku ile ile au alifanywa ng'onda. Friji zilipoingia majumbani, mwenye friji mtaani akawa ndiye duka la barafu. Ukitumwa na bakuli na hela, unarudi mbio kabla haijayeyuka. Wengi wetu tumekuzwa na barafu za ubuyu na ukwaju zilizogandishwa kwenye mifuko midogo, na wengine tumesomeshwa nazo.

Kikundi chetu kilizaliwa mwaka 2015. Wenye kumbukumbu watajua ulikuwa mwaka gani. Mwezi Agosti kipindupindu kiliingia Dar es Salaam, kikasambaa nchini, na mpaka mwisho wa 2016 wagonjwa walikuwa wamezidi 20,000. Haikuwa mara ya kwanza. Mama zetu walikiona mwaka 1977 na 1978, na sisi wenyewe tulikiona 1997 kilipopata watu zaidi ya 40,000 nchi nzima. Lakini safari hii kilitukuta tukiwa wauzaji. Vyakula na juisi za barabarani vilipigwa marufuku, na wenzetu waliokuwa wakiuza miwa na juisi ya embe wakakaa nyumbani mikono mitupu. Ndipo tulipoanza kukutana kila Jumamosi kwa mchezo wa kupeana. Kwanza tulikuwa wanane na kibubu cha bati, baadaye tukaongezeka na kuwa na daftari, sanduku la kufuli tatu na faini za kuchelewa. (Mweka hazina wetu wa kwanza alimtoza faini dada yake wa tumbo moja. Hawakusemezana wiki mbili.)

Wazo la mashine lilitoka kwa mama mmoja muuza samaki. Alisema, "Jamani, kila siku tunanunua barafu kwa watu. Hela yetu inayeyukia kwa wenzetu." Mwaka 2017 tukanunua mashine iliyotumika, tukaikarabati kwa mkopo kutoka sanduku letu wenyewe. Ikatoa barafu nyeupe pee, vipande kama sukari guru ya mawe. Wauza juisi, mama ntilie, hata wenye maharusi, wote wakaja. Marejesho yalikuwa yanakwenda vizuri na hakuna aliyefikiria usafi. Tulikuwa na imani moja tu, na ilikuwa ya uongo: kwamba barafu ni baridi, na baridi inaua vijidudu.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, kijana muuza juisi ya miwa alirudi na jagi mkononi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Shikamooni mama zangu. Naomba mwangalie." Ndani ya barafu kulikuwa na uzi mweusi, na vipande vilikuwa na harufu kama ya kitambaa kibichi. Tukafungua mashine. Nyuma ya pazia la plastiki tukakuta utelezi wa rangi ya waridi na madoa meusi, na kwenye sahani ya kugandishia ukoko mweupe kama wa birika la zamani.

Siku hiyo sanduku lilikuwa limejaa barafu, na Jumamosi ilikuwa siku ya marejesho. Hapo ndipo kikundi kilipotaka kuvunjika. Wapo waliosema iuzwe Feri, ikapozee samaki, kwani samaki ataoshwa. Wapo waliosema tuchague vipande vyeupe tu. Tusifiche, hoja hizo zilikuwa na wafuasi wengi kuliko tunavyopenda kukumbuka leo. Aliyetunyamazisha ni mwenzetu aliyempoteza mdogo wake mwaka 1997. Hakuhutubia. Alibeba ndoo akaanza kumwaga mtaroni, na mmoja mmoja tukamfuata. Marejesho ya wiki hiyo tulichangishana.

Bwana afya tuliyemwita alitueleza bila ukali kwamba maji yakiganda vijidudu vingi vinalala tu, havifi. Barafu ikiyeyuka kwenye glasi vinaamka. Utelezi ni vijidudu vyenyewe vilivyojenga nyumba. Ukoko mweupe ni chokaa ya maji, hasa ya visima, na maji ya Mto Ruvu ya bomba nayo huleta tope mvua zikinyesha. Ukoko unaufanya utelezi upate pa kushika, na unaizuia barafu isidondoke, mashine ihangaike na umeme uliwe bure.

Tukaingia kusafisha wenyewe, na tukakosea vibaya. Tulichanganya unga wa asidi ya ndimu na Jik kwenye ndoo moja, tukidhani dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Ikatoka hewa ya kukaba koo. Mmoja wetu alitolewa nje akikohoa machozi yakimtoka, tukampepea kwa khanga mpaka adhuhuri. Asidi na klorini zikikutana hutoa gesi ya sumu. Neno hilo tumeliandika kwa rangi nyekundu ukutani.

Utaratibu tuliojifunza kwa fundi friji ni huu, na tunauandika kwa sababu vikundi vya jirani hutuuliza. Zima mashine, chomoa umeme, toa barafu yote. Kwanza asidi, iliyo ya matumizi ya vyakula, inazungushwa na pampu mpaka ukoko uachie. Usikwangue sahani kwa kisu, ukiichuna ndiyo umeiharibu. Suuza kwa maji mengi, halafu suuza tena. Baada ya hapo tu ndipo dawa ya kuua vijidudu: Jik isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, upanguse pazia, boya, mpira wa mlango na pembe za sanduku, maana utelezi unapenda pembe. Suuza tena. Barafu ya mizunguko miwili ya kwanza inamwagwa, hata kama mteja anagonga mlango. Maelezo ya mashine yalisema kila miezi sita. Kwa maji yetu na vumbi la Kariakoo sisi hufanya kila mwezi wa tatu, na rejeta ya nyuma inapigwa brashi kila wiki, kwani ikizibwa na vumbi kompresa inachemka. Upawa wa kuchotea haulali ndani ya barafu. Mkono wa mtu unashika mpini tu.

Umeme ni habari nyingine. Katika mgao wa mwishoni mwa 2023 mpaka mapema 2024 barafu iliyeyuka nusu ikaganda tena kuwa jiwe moja. Tulijifunza kuimwaga, na kusubiri dakika tano kabla ya kuwasha ili kompresa isiungue. Kabla ya hapo, moto wa soko wa tarehe 10 Julai 2021 ulitunyang'anya wateja wa Shimoni kwa usiku mmoja, na Oktoba mwaka huo huo wamachinga walipoondolewa barabarani tukakosa wengine. Miezi ile mashine iliwaka siku tatu tu kwa wiki. Lakini ilisafishwa kama kawaida, maana mashine iliyosimama na maji ndani ndiyo inayoota utelezi haraka.

Yule kijana wa miwa bado ni mteja wetu. Hununua ndoo mbili kila siku, na kila siku hufunua kifuniko akatazama kwanza, mbele yetu, kabla ya kutoa hela. Hatumwambii kitu.

Daftari la usafi linaning'inia kwa kamba mlangoni pa kibanda. Kila mstari una tarehe na sahihi mbili, ya aliyesafisha na ya aliyekagua. Wanachama wa zamu ijayo mmekwisha kuandikwa. Njooni na glavu zenu, za mara iliyopita zimetoboka.