Jiwe la Mugere na Njia Iliyotuletea Kiswahili

Ukitoka hapa Mutakura, kaskazini mwa Bujumbura, ukavuka jiji na kushika barabara ya Rumonge kuelekea kusini, utafika Mugere, zaidi kidogo ya kilometa 10 kutoka katikati ya jiji. Hapo pana jiwe kubwa lililochongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe 25-XI-1871. Ni miongoni mwa vivutio vya utalii vinavyojulikana sana nchini Burundi.

Wageni wengi hudhani kwamba hapo ndipo Wazungu hao walipokutana kwa mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji, karibu na Kigoma, mapema zaidi mwaka huohuo. Kutoka Ujiji walisafiri kwa mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, wapate kujua kama mto Rusizi hutoka ziwani kuelekea Nile. Waliukuta unaingia ziwani. Mugere kilikuwa kituo chao cha siku mbili tu.

Kwetu sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili, jiwe hilo lina pengo jingine. Msafara wa Stanley ulianzia Bagamoyo, na mkuu wa askari wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, ambaye tangu mwaka 1858 alikwisha kufika Ujiji pamoja na Burton na Speke. Livingstone naye alihudumiwa na Abdullah Susi. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi na James Chuma waliwaongoza wenzao kuibeba maiti yake hadi pwani. Majina ya watu hao, waliozungumza Kiswahili njiani, hayamo jiweni.

Njia hiyo ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilipitisha pembe za ndovu na watumwa. Hatuna budi kulisema hilo pia. Ndiyo iliyofikisha Kiswahili Rumonge na Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Wajerumani wakakitumia katika utawala wao. Hata sasa, mtaani Buyenzi, Kiswahili ni lugha ya nyumbani, si somo la darasani tu.

Kwa hiyo, mwanafunzi atakayewaongoza wageni Mugere awasahihishie kwanza habari ya Ujiji. Kisha awatajie Bombay na Susi, na wakirudi mjini awapitishe Buyenzi. Jiwe limehifadhi majina mawili. Lugha ya msafara ingali hai midomoni mwa watu.